Mizani

Mtaniwia radhi: hili halina mizani.
Mizani niliyoijua ilining'inia katika ghala la Sikonge,
na chini ya sahani ya mawe mtu alifunga jiwe jingine,
lisilohesabiwa, la ukubwa wa yai la kanga.

Jiwe hilo ndilo filamu yote.
Jina lake silitaji. Hakuna anayenikataza tena,
ni ulimi tu umezoea.
Dakika arobaini, nyeusi na nyeupe,
na mimi nimo kwa sekunde nne: mkono wa kulia
ukilipapasa jiwe kutoka chini
kama apapasaye kiwele cha mbuzi gizani.
Sikulipwa. Nilipewa soda, ya moto.

Tuliionyesha mara moja, ukumbi wa reli, Tabora,
Jumamosi ambayo treni ya Kigoma ilichelewa,
hata abiria wakaingia, na kuku, na vikapu vya michembe.
Dakika ya kumi na moja Afisa Utamaduni akasimama
mbele ya mashine. Picha ikamwangukia yeye.
Marobota ya tumbaku yakapita juu ya shati lake jeupe,
wakulima wakapanga foleni kifuani pake,
na mkono wangu, Mungu shahidi,
ukakipapasa kitambi chake kutoka chini, ukitafuta.
Ukumbi ukacheka.
Kicheko kile ndicho kilichotuponza, si jiwe.
"Zima," akasema.

Kisha ikasemekana ipo orodha.
Hakuna aliyeiona, ila idadi kila mtu aliijua: kumi na saba.
Sisi tulioitengeneza tulikuwa kumi na wanne,
basi Gongoni, Isevya, Cheyo,
watu wakaanza kuwatafuta watatu waliobaki
na kila mmoja akaacha kumtembelea jirani
asije akahesabiwa.

Posta wakaniambia kiti changu kina mwenyewe.
Duka la ushirika: "Sukari imeisha, dada,"
na sisimizi wakitoka chini ya gunia, wamebeba.
Nyanzala, tumbo moja na mimi,
akahamia mabenchi ya upande wa pili kanisani.
Sagali, mwenye filamu, aliomba kazi ya kuandika vibao vya maduka.
Akanyimwa hata herufi.

Na tuseme yote, maana sisi ndio tuliodai ukweli.
Mihambo Kasele, mkulima mwenyewe, yule aliyepunjwa,
alikuja kwangu usiku na hasira zake:
"Mmenionyesha nimepiga magoti. Mimi sikupiga magoti."
Kweli. Sagali alimwomba apige,
kwa sababu ya mwanga wa dirisha.
Kumbe nasi tulikuwa na jiwe letu.
Nimelibeba hilo pamoja na lile jingine,
na kuna siku silijui lipi zito.

Nkingwa wa mashine aliupeleka mkebe msituni Ipole,
akautia ndani ya mzinga wa gome, juu ya myombo,
akawaachia nyuki zamu.
Alikufa bila kusema mti upi.

Mwaka huu mrina asali mmoja akakata sega, kisu kikagonga bati.
Wakaja vijana na glavu nyeupe.
Filamu ilikuwa imegandana kama chapati za juzi.
Kilibanduka kipande kimoja, wakakiinua juani:
sahani, kivuli, vidole vitano.
Kinanukia nta.
"Ni wako, bibi?"
Nikauweka mkono mezani, huu wa leo,
madoa yake, yabisi yake.
Haukufanana.
Nikasaini hivyo hivyo.

Nikawauliza: na orodha, mmeipata?
Yule binti akapekua karatasi zake, kwa adabu, hadi ya mwisho.
"Orodha gani?"

Sokoni, kabla sijapimiwa mchele,
hupitisha mkono chini ya sahani.
Wauzaji wamenizoea.
Hudhani naomba dua.